Mwanangu, sahani iache, tazama vidole vyako

Mwanangu,

Ujumbe wako wa jana usiku nimeusoma hapa Lindi. Unauliza kama utaambukizwa VVU kwa kula sahani moja na mwenzio wa chumbani aliyekwambia anatumia dawa. Halafu mwishoni kabisa, kama jambo dogo, unasema jana asubuhi alijikata mkibangua korosho ukamfunga kidole, damu ikakutapakaa mikononi.

Sahani iache ibaki moja. Kikombe, choo, shuka, kikohozi, jasho, mbu, vyote havimo. Mbu hakudungi damu aliyoinyonya kwa mwingine. Anachokutia ni mate yake, na kirusi kinamfia tumboni. VVU hupita kwa damu, shahawa, majimaji ya ukeni na ya njia ya haja kubwa, na maziwa ya mama, tena mpaka yapate pa kuingilia.

Kwa hiyo nijibu hili: ngozi yako ilikuwaje? Ngozi nzima haipitishi kirusi. Ila mafuta ya ganda la korosho yanaunguza, hata ukipaka majivu vidole vinachubuka. Kama palikuwa na mchubuko mbichi, au kisu chenye damu yake kilikugusa ukakatika, hatari ni ndogo lakini ipo. Nenda kituo cha afya leo hii. Watakupima, na wakiona inafaa watakupa dawa za kinga, wenyewe wanaziita PEP. Mwisho wa kuzianza ni saa 72, na kila saa inayopita inazipunguzia nguvu. Zinamezwa siku 28. Ukijiona mzima wiki ya pili ukaziacha, umejiharibia. Majibu ya leo hayasemi lolote kuhusu jana, maana kipimo cha haraka kinatafuta kingamwili, yaani kinga ambazo mwili hutengeneza dhidi ya kirusi, nazo huchukua wiki kadhaa kujitokeza. Utarudi kupima kwa tarehe watakazokupangia.

Siku nyingine mpe kitambaa safi ajibane mwenyewe. Damu ikikupata, nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka. Usikamue, usisugue, wala usimwagie jiki: utaichuna ngozi bure.

Kabla hujatoka, muulize mwenzio kwa upole majibu yake ya mwisho ya kipimo cha wingi wa virusi kwenye damu. Anayemeza dawa vizuri mpaka virusi havionekani kwenye kipimo hicho hamwambukizi mtu kwa ngono. Kwa damu, hatari hushuka sana, lakini hilo mwachie mhudumu aamue. Jina lake usilitaje huko, wala kazini.

Ukitoka kituoni nipigie.

Mama yako