Wazazi Wanalima Kila Msimu: Mbona Umaskini Hauondoki?

SWALI: Tunaambiwa kwamba kilimo ndicho kitakachoziinua nchi maskini. Wazazi wangu hulima viazi Nyandarua, na mavuno yameongezeka tangu waanze kutumia mbegu bora, lakini bado ni mimi, mchuuzi wa mboga, ninayelipa karo ya wadogo zangu. Je, madai hayo yana ukweli?
Msomaji, Kayole, Nairobi

JIBU: Yana ukweli. Benki ya Dunia, katika Ripoti ya Maendeleo ya Dunia ya 2008, ilikadiria kwamba ukuaji wa uchumi unaotokana na kilimo hupunguza umaskini angalau maradufu ya ule unaotokana na sekta nyingine, kwa kuwa maskini wengi huishi mashambani na kutegemea kazi za shamba. Vilevile, chakula kikipatikana kwa wingi bei hushuka, na nafuu hiyo humfikia hata mpangaji wa Kayole ambaye sehemu kubwa ya kipato chake huishia kwenye unga na sukuma wiki.

Lakini bei hiyo hiyo ikishuka humuumiza anayeuza, na hapo ndipo walipo wazazi wako. Wasipokuwa na ghala lenye giza na hewa ya kutosha, hulazimika kuuza wiki ile ile ambayo majirani wote wanavuna, na dalali ndiye anayetaja bei. Kisha kuna lumbesa: gunia hujazwa hadi mdomoni, likaongezewa kilemba cha wavu, na bado likalipwa kama gunia moja. Kanuni za viazi za 2019 ziliweka kikomo cha kilo 50 kwa gunia, nami naamini kwamba kuzisimamia kungewafaa wazazi wako kuliko mfuko mwingine wa mbolea ya ruzuku.

Mavuno na bei nzuri vikienda pamoja, kilimo huondoa umaskini, kama ilivyokuwa China: ilipoanza mageuzi yake mwaka 1978, familia zilikabidhiwa mashamba zilime zenyewe, na mwaka 1979 serikali ikapandisha bei ya kununulia nafaka. Mavuno yaliongezeka, fedha zikabaki kwa waliolima, na umaskini wa vijijini ukapungua kwa kasi.

Wazazi wako na wauze kwa kilo, ikiwezekana kupitia chama cha ushirika. Nawe, kwa kuwa hununua bidhaa sokoni, wapigie simu uwaeleze bei ya Marikiti, soko la jumla la Nairobi, kabla dalali hajafika shambani.