Ukienda kwa chombo cha tanga kukutana na ndugu, usiwaahidi saa

Dada yangu alikuwa amelala ndani ya gari, kiti kimelazwa, taulo usoni. Saa saba usiku. Nilikuwa nimemwahidi saa kumi alasiri. Wanawe walishachoka kunitazamia gatini wakarudi na baba yao. Hakunigombeza. Alisema tu, "Bora ungepanda basi."

Kosa lilianzia mezani, si baharini. Nilipima kwenye ramani maili 30 za baharini, nikagawa kwa mwendo wa chombo changu, maili 5 kwa saa, nikapata saa sita. Basi, ningeng'oa nanga saa nne asubuhi. Hesabu safi, ila upepo haukuwepo wakati naipiga. Ulivuma kutoka kule kule ninakokwenda, na chombo cha tanga hakiwezi kuuelekea upepo uso kwa uso. Lazima kibishe, mara kushoto, mara kulia (na kweli ni kubishana). Ukibisha kwa pembe ya digrii 45, maili 30 zinakuwa zaidi ya 42. Mawimbi ya omo, yanayopiga mbele ya chombo, nayo yakanipunguzia mwendo hadi maili 4. Nilifika mlango wa bandari saa mbili na nusu usiku, maji yanakupwa, kina hakitoshi. Nikatia nanga nje, taa za gati naziona. Maji yakianza kujaa, saa ya kwanza hayapandi sana. Kasi yenyewe ni saa ya tatu na ya nne. Nilikaa nikiangalia simu inavyokwisha chaji.

Tangu hapo siahidi saa. Nawaambia: Jumamosi au Jumapili, bandari ile tunayoitaka, au hii ya karibu ambayo naweza kuingia upepo ukikataa na maji yakiwa yamekupwa. Mwenye gari akigeuza njia anapoteza nusu saa. Mimi nikilazimisha njia naweza kupoteza chombo. Kwa hiyo wao ndio wanaonifuata.

Saa moja tu naitaja, nayo si ya kufika. Ni saa ya wasiwasi: ikipita bila neno kutoka kwangu, dada apige simu kwa waokoaji. Naiweka mbali kabisa na saa ninayotarajia kufika, la sivyo kila upepo ukilegea watu watatafutwa bure. Namwachia karatasi yenye jina la chombo, rangi yake, idadi ya watu na njia tutakayopita. Mimi nabaki na redio ya VHF, ile ya vyombo vya baharini, kwenye chaneli 16 ya dharura, kwa sababu simu pwani hukata pale pale unapoihitaji.

Majira ya joto ondoka alfajiri. Jua likipanda, nchi kavu hupata moto upesi kuliko bahari, na alasiri upepo wa baharini huanza kuvuma kwa nguvu. Wakati huo afadhali uwe umeshafunga kamba.

Ndugu wakipanda, jaketi za kujiokolea zivaliwe na kukazwa gatini, watoto kwanza. Anayeanza kichefuchefu mpe usukani, atazame upeo wa bahari. Mara nyingi hutulia, ingawa chombo kitakwenda kama nyoka.

Safari hii dada alinipigia kabla sijang'oa nanga. Hakuuliza nitafika saa ngapi. "Ya wasiwasi ni saa ngapi?" Nikamwambia saa tano usiku. "Haya, nakwenda kulala kidogo."