Mikopo ya asilimia 10 iliposimama: yaliyotukuta sisi mafundi viatu wa Pasua, Moshi

Dada yangu, umeuliza fungu la watu wa chini likisimamishwa halmashauri nani hasa anaumia, maana mishahara inaendelea na ofisi ziko wazi. Nikueleze yetu.

Mimi ni fundi viatu, mguu wa kulia nilipooza kwa polio nikiwa mdogo. Tulikuwa watano Pasua, wote wenye ulemavu, kikundi kimesajiliwa. Tangu 2018 iko kwenye sheria kwamba halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 za wanawake, 4 za vijana, 2 zetu. Ni mikopo isiyo na riba. Mkopo wa kwanza tulinunua cherehani ya ngozi, tukashona makubazi, tukarejesha yote.

Machi 2023 tukaomba wa pili, kwa sababu tulishapokea advansi ya viatu vya shule. Aprili Serikali ikasitisha mikopo hiyo nchi nzima. Ripoti za CAG, yule mkaguzi mkuu wa hesabu za Serikali, zilikuwa zimeonyesha fedha zisizorejeshwa na vikundi hewa. Kuchunguza ilikuwa haki, hilo silipingi hata kidogo. Ninachopinga ni kuwafungia mlango mmoja aliyekula na aliyerejesha. Orodha ya waliorejesha ipo, si kitu cha kutafuta.

Advansi ya watu unairudishaje wakati umeshanunulia soli? Tukaenda kausha damu, wale wakopeshaji wa mtaani wenye riba kubwa. Laki tano, rejesho kila wiki, dhamana cherehani. Na hiyo ni masika, mvua kutwa, barazani hapiti mtu. Rejesho la kwanza tukatoa, la pili tukachangishana, la tatu likashindikana. Wiki iliyofuata wakaja wawili na bodaboda, wakaifunga cherehani kwa kamba, wakaondoka nayo. Hawakutukana wala kusukuma mtu. Mwenzetu mmoja haoni, yeye ndiye alikuwa anasuka mikanda ya makubazi, na mkono wake mteja akiuzoea hataki mwingine. Asubuhi yake alifika, akakaa mahali pake, akasikiliza. Akauliza, "Mbona leo hamshoni?" Hakuna aliyemjibu haraka.

Yeye alirudi kwa dada yake Rombo. Wawili wengine wakaacha.

Mikopo ilirejeshwa 2024, lakini kikundi chetu kilishabaki watu wawili, tunashona kwa sindano ya mkono. Tumeshapata wenzetu wapya watatu, fomu tumejaza.

Kwa hiyo dada, ukitaka kujua kwenu hali ikoje, usiulize bajeti imetenga kiasi gani. Nenda mkutano wa mtaa, mapato na matumizi yakisomwa uulize zile asilimia 2 zimetoka shilingi ngapi na zimefika kwa vikundi vingapi. Mimi nauliza kila mkutano. Juzi mwenyekiti aliniona nanyanyua mkongojo, akasema, "Najua swali lako, mzee," akafungua daftari.