Ukienda fildi Mlima Elgon mara ya kwanza, anzia mtoni

Kila mwaka karibu msimu wa fildi, yaani kwenda kusoma miamba nje, napata maswali ya vijana wa jiolojia, wengine wako chuo bado na wengine wameandikwa juzi tu kama wasaidizi wa kuchora ramani, na karibu wote swali ni moja, njia ya kufika Koitoboss, kilele cha Elgon upande wa Kenya, ni gani. Wadogo zangu, kilele wekeni mwisho kabisa. Elgon, hapa mpakani mwa Kenya na Uganda, ni volkano iliyozimika zamani sana, zaidi ya miaka milioni 10, na tangu hapo mvua na mito na hata barafu za enzi za baridi zimekuwa zikiibeba pole pole, kwa hivo sehemu kubwa ya huo mlima haiko juu tena, ilishashuka.

Wenye mmesomea hapa Nakuru mmezoea volkano ya Menengai na hapo ndipo shida huanzia. Menengai ukisimama ukingoni unaona kaldera yote, lile shimo kubwa la volkano iliyoporomoka ndani, karibu kilomita 12 kwa 8, kuta bado kali, lava nyeusi imelala vile ilimwagika na kwingine hata nyasi haijashika vizuri. Volkano changa inajieleza. Elgon ukitoka Kitale ukielekea Endebess unapita mashamba ya mahindi tu, ardhi inapanda taratibu mpaka huwezi sema mlima umeanzia wapi, manake upana wake chini ni kama kilomita 80 hivi. Kilele cha juu, Wagagai upande wa Uganda, ni mita 4,321, na kwa mlima wenye msingi mpana hivo wanajiolojia wengi wanaamini zamani ulisimama juu zaidi ya hapo.

Sasa mtoni. Siku ya kwanza usitoe nyundo, tafuta mto wowote unaoshuka kutoka mlimani, ingia na gambuti, okota kokoto uzipange kwa rangi kwa jiwe bapa. Zile nyeusi au kijivu nzito, chembe ndogo ndogo, ni lava, na lava ya Elgon mara nyingi ni nefelinaiti, aina ya lava yenye silika kidogo, haina kwatzi (yale madini magumu kama kioo) kabisa, kwa hivo ukiona kwatzi ndani ya jiwe jua hilo limetoka kwingine. Zile zenye mistari myeupe na myeusi na maika, vipande vyembamba vinavyong'aa, ni naisi, mwamba wa kale ambao volkano iliota juu yake. Alafu panda na mto, kila baada ya mwendo fulani unasimama unaangalia tena. Kokoto za naisi zitapungua, zitapungua, mwisho zitaisha, na hapo zinapoisha umeshavuka mpaka wa mwamba wa kale na volkano hata kama mpaka wenyewe hujauona, na mara nyingi hutauona manake uko chini ya udongo mwekundu na shamba la mtu. Hiyo ni ramani umeshaanza kuchora na hujavunja jiwe hata moja. (Shamba la mtu unaomba ruhusa kwanza, unamsalimia mzee wa boma, unamwambia unatafuta nini. Wazee wa Kisabaoti wanaujua huo mlima vizuri na watakuonyesha mawe ambayo ungeyatafuta wiki nzima.)

Ukishaingia kwenye miamba kuna kitu kinapotosha karibu kila mgeni. Mtu anaona ukuta wa mawe, anapiga nyundo kwa bonge moja, anaangalia na lenzi, ni lava, anaandika lava. Rudi nyuma hatua kumi uangalie ukuta wote. Utaona mabonge ya kila saizi, mengine makubwa kuliko meza, yamekwama ndani ya majivu yaliyoganda. Hiyo ni aglomereti, kitu kilichorushwa na mlipuko au kilichoporomoka na matope, na sehemu kubwa sana ya Elgon ni hiyo pamoja na majivu, lava zenyewe ni chache. Ukikosea hapo ramani yako yote itaonyesha mlima uliotiririka polepole kumbe ni mlima uliolipuka.

Ya pili ni asidi. Kwa sababu mmesoma kwamba Tororo kule Uganda, karibu tu na Elgon, kuna kabonataiti, mwamba wa volkano uliojaa chokaa ambao hutoa povu ukiguswa na asidi, mtu akidondosha asidi jiwe likitoa povu anaruka. Tulia. Maji yamepita kwenye hii miamba mamilioni ya miaka na yameacha kalsaiti (madini ya chokaa) na zeolaiti (madini mengine ya kujaza vitundu) kwenye vitundu na nyufa, na hiyo kalsaiti inatoa povu vizuri tu. Angalia povu linatoka wapi, kama ni kwenye mshipa au kitundu cheupe basi ni ya baadaye, kama ni jiwe zima ndio uanze kuuliza maswali.

Mapango nayo, Kitum na Makingeny, kwangu ndio darasa bora la mlima wote. Safu laini imelika chini na safu ngumu imebaki juu kama dari, na ndani ukutani kuna chumvi za sodiamu ambazo ndovu huja usiku kuzichimba na pembe, alama za pembe zinaonekana. Lakini sikizeni vizuri, 1980 na 1987 kuna wageni wawili waliozuru Kitum, wote walipata Marburg, homa kali ya virusi, na wakafa. Kuna popo wengi mle. Usiingie bila kinga ya pumzi na glavu, usishike kinyesi chao, na usiingie bila askari wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, ambao pia ndio wa kukupa ruhusa kabla hujabeba hata jiwe dogo kutoka ndani ya mbuga.

Na miteremko yenye udongo mzito wakati wa mvua msicheze nayo. Machi 2010 upande wa Bududa, Uganda, udongo huo huo wa volkano iliyooza ulishuka ukafunika kijiji cha Nametsi na mamia ya watu wakafa. Ukiona nyufa mpya kwa nyasi au miti imeinama upande mmoja, andika, piga picha, alafu uwaambie wenyeji na chifu siku hiyo hiyo, usingoje ripoti.

Baada ya hayo yote ndio upande juu. Kaldera ina upana wa karibu kilomita 8, kuna vijiziwa na moreni, yaani malundo ya mawe na udongo yaliyoachwa na barafu, na mto Suam umepasua ukuta unatoka kuelekea kaskazini mpaka Turkwel. Hapo juu utazame tabaka zinavyoinama kwenda nje, pima mwinamo pande zote unazoweza kufika, kisha kwa karatasi uzirefushe kwenda juu na ndani mpaka zikaribie kukutana. Utapata makadirio ya mlima uliokuwepo. Usiyachukue kama urefu kamili, manake sehemu ya katikati haikulika na maji, iliporomoka ndani kaldera ilipoundwa, na lazima utenganishe kwenye ripoti yako kipi kiliporomoka na kipi kilibebwa na mito.