Pesheni juu, matembele chini

Swali lenu la wiki hii, eti fensi yako umeipandishia mmea gani na chini umefunika na nini. Mi najibia fensi yangu ya Kigamboni, wavu wa waya kwenye nguzo za mbao, mchanga mtupu na jua la kufa mtu.

Nilianza na bogenvilia kama kila mtu. Maua mazuri sikatai, ila hakuna anayekuambia kwamba haina vikono vya kushikia, inaegemea tu kwa miiba yake, sasa usipoifunga kamba kila mara inakurudia uani au inatokeza njiani inachana nguo za wapita njia, na siku ya kuipogoa lazima damu ikutoke. Nikang'oa yote nikabakisha shina moja getini.

Nikahamia pesheni ya njano, maana ile ya zambarau inapenda baridi ya milimani, joto letu hailiwezi. Jirani ana mashina kibao, akanikatia vipande viwili, vikamea, vikajisokota kwenye waya kama springi, mwaka haujaisha fensi imejaa. Maua sasa, yaani mpaka watu wanapiga picha. Tunda hata moja hakuna! Ua linanyauka linadondoka, nikamwaga samadi, nikapiga dawa, wapi. Kumbe vipande vyote viwili vilitoka shina moja kwa hiyo ni kama mmea mmoja tu, na pesheni ya njano haishiki tunda kwa unga wa maua yake yenyewe (chavua), inataka unga wa shina lingine. Aliyenifumbua macho ni mama mmoja muuza miche, alicheka kwanza ndo akaeleza. Nikachukua kwake miche miwili iliyooteshwa kwa mbegu.

Ilipoanza kutoa maua nikawa Jumamosi mchana natoka na brashi ya rangi ya mtoto, maana ua lenyewe linafunguka kuanzia kama saa sita, nagusa unga huku napeleka kule, majirani wanajua nimerukwa na akili. Siku hizi sihangaiki, kazi wanafanya wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao. Wamejichimbia kwenye nguzo moja kavu pale kona, mama watoto anataka niitoe na mi nagoma. Na dawa nimeacha kabisa, nisije nikawaua.

Chini nimefunika na matembele, yaani majani ya viazi vitamu. Marando, yaani vipande vya shina lake, nilichomeka mvua za vuli zilipoanza, baada ya muda mchanga huuoni, magugu yanakosa jua, unyevu unabaki, na mboga ya jioni unatoka na sahani tu. Ila acha nafasi ya kama hatua moja kuzunguka shina la pesheni, la sivyo siku ya kuchimba viazi utakata mizizi yake, mi nilishakata. Rafiki yangu yeye alipenda ile mimea ya maua ya njano inayotambaa, wanauza sana kwenye vitalu, kweli inapendeza lakini kila pingili inayogusa ardhi inaota mizizi, sasa hivi iko mpaka mtaroni.

Shida iliyobaki ni mbuzi wa jirani huyohuyo aliyenipa pesheni, wanapitisha midomo kwenye matundu ya waya wanakula matembele kwa nje. Nimemwambia, akasema basi tugawane na maziwa, mpaka leo sijayaona.