Muulize Sonara: Bangili za mama zimekuwa nyeusi

*Shikamoo Fundi. Mama yangu aliniachia bangili mbili za fedha, zina muhuri wa 925 kwa ndani na nakshi za maua pande zote. Kwa kuziheshimu sikuzivaa. Nilizifunga kwenye kitambaa kizito cha sufu, nikaziweka kwenye boksi la karatasi ngumu. Juzi nimezifungua nikazikuta zimekuwa nyeusi, na kwenye nakshi ndiyo kabisa. Pete yangu ya kila siku, nayo ya 925, inang'aa kama kawaida. Je, bangili za mama ni bandia?*

Marahaba mwanangu, na pole kwa kuondokewa na mama. Weusi peke yake hauonyeshi kwamba bangili ni bandia, kwa hiyo hilo liondoe moyoni. Fedha halisi hufubaa.

Namba 925 maana yake ni kwamba katika sehemu 1000 za madini hayo, 925 ni fedha, na 75 zilizobaki kwa kawaida ni shaba. Ndiyo inayoitwa stelingi. Fedha tupu ni laini mno. Bangili nyembamba ya fedha tupu ingepinda kila ulipoigonga mahali, na nakshi za mama zingelika mapema. Shaba ndiyo inayoipa ugumu, lakini shaba hiyohiyo huifanya ifubae haraka kuliko fedha tupu.

Kinacholeta weusi ni salfa. Hewani kuna gesi zenye salfa, kidogo sana, zinazotoka kwenye vitu vinavyooza na kwenye moshi wa makaa ya mawe na mafuta. Salfa ikikutana na fedha hujenga utando mwembamba. Huanza na rangi ya manjano, ikawa kahawia, wakati mwingine ikapita kwenye zambarau au buluu, kisha ikawa nyeusi. Unyevu huharakisha kazi hiyo.

Sasa tazama ulikozificha. Sufu ni nywele za mnyama, na nywele zina salfa ndani yake. Boksi la karatasi ngumu nalo mara nyingi huwa na salfa, na gazeti ni hivyohivyo. Mpira ni hatari zaidi kwa sababu huongezewa salfa kiwandani ili ukaze. Nimeona mikufu iliyofungwa pamoja kwa rababendi ikiwa na mstari mweusi palepale mpira ulipokaa. Wewe ulizipa bangili kitanda cha salfa ukazifungia nacho. Pete yako imesalimika kwa sababu inasuguana na ngozi na nguo kutwa nzima, na utando hauna nafasi ya kunenepa.

Kabla hujaanza kusafisha, naomba ulielewe jambo moja, maana ndilo linalonifanya nijibu kwa urefu. Weusi ule si uchafu uliotoka nje ukakaa juu. Ni fedha yenyewe ya bangili iliyoungana na salfa. Ukiusugua ukatoka, umetoka na fedha kidogo ya mama yako. Mara moja haionekani. Kusugua kila wiki kwa miaka mingi kunaonekana: nimepokea pete zilizokuwa na majina yaliyochongwa, na leo hata kwa lenzi huyasomi, na hakuna aliyezikwangua, zimesafishwa tu kwa bidii nyingi mno.

Kwa hiyo anza na kilicho chepesi. Osha bangili kwa maji ya uvuguvugu na tone la sabuni laini ya maji, tumia vidole au kitambaa cha pamba, suuza vizuri, kisha kausha mpaka ndani ya nakshi. Sabuni haitaondoa weusi, itaondoa mafuta na vumbi lenye mchanga, usije ukausugulia mchanga huo ndani. Halafu chukua kitambaa maalumu cha kung'arishia fedha, kile kilichotiwa dawa, upitishe juu ya maua tu. Kitambaa hicho usikifue hata kikiwa cheusi, ukikifua dawa imekwenda. Weusi ulio ndani ya mistari uache ulivyo. Masonara wengi huutia makusudi kwa dawa ya salfa ili nakshi isomeke. Ukiuondoa wote, maua yanapotea machoni ingawa yapo.

Zikishakauka kabisa, kila bangili iingie kwenye mfuko wake mdogo wa plastiki laini unaojifunga kwa kubana, utoe hewa kwa kuukandamiza, na ndani uweke kijifuko cha chembe za silika za kufyonza unyevu. Usiziweke bangili mbili mfuko mmoja, zitakwaruzana. Lakini hayo ni ya siku usizozivaa. Mimi ningekuomba uzivae. Kwa fedha, hiyo ndiyo hifadhi bora ninayoijua.

*Fundi, nimeambiwa dawa ya meno inasafisha fedha kuliko kitu chochote. Mwingine kaniambia nitumie karatasi ya aluminiamu na magadi soda. Nifuate lipi?*

Dawa ya meno hapana, na ningependa sana ushauri huo ukome. Ndani yake kuna chembe za kukwangua zilizotengenezwa kwa ajili ya meno. Kwenye kipimo cha Mohs cha ugumu, tabaka la juu la jino liko karibu na 5, fedha iko kati ya 2.5 na 3. Kinachong'arisha jino kinaichuna fedha. Itang'aa, ndiyo, lakini ishike kwenye mwanga wa pembeni uone mikwaruzo midogomidogo iliyojaa juu yake. Mikwaruzo hiyo hushika uchafu.

Njia ya aluminiamu ina akili ndani yake. Tandaza karatasi ya aluminiamu ndani ya bakuli, weka fedha iguse karatasi, nyunyiza magadi soda, kama vijiko vikubwa viwili kwa lita moja, kisha mimina maji ya moto. Aluminiamu huipokonya fedha ile salfa, na fedha hubaki mahali pake. Ukisikia harufu ya yai viza, ndiyo salfa inaondoka. Dakika chache zinatosha, kisha suuza na ukaushe.

Mkufu wa fedha wenye vipete vidogovidogo, ambao kitambaa hakifiki katikati yake, ndio hasa unaofaa kwa njia hii. Ila usitumbukize kila kitu. Weusi wa makusudi kwenye nakshi utaondoka wote. Chochote chenye jiwe, lulu au gundi kisiingie kwenye maji ya moto. Hereni zenye tumbo tupu zitajaa maji ambayo hayatoki kwa urahisi. Na fedha ikitoka humo huwa safi lakini imepoa kidogo, haina ule mng'ao wa kioo, kwa hiyo utamalizia na kitambaa.

*Habari Fundi. Pete yangu ya 925 inaniachia rangi ya kijani kidoleni. Nimeuziwa feki?*

Si lazima. Jasho na krimu za mikono hukutana na ile shaba niliyoitaja juu, na kijani ni zao lake. Hakina madhara, kinatoka kwa sabuni. Vua pete unapoosha mikono na kupaka mafuta, kausha kidole kabla ya kuirudisha.

Ukiona sehemu ya ndani imelika na chini yake kuna rangi nyekundu au ya manjano, hapo nitashuku kwamba ni shaba iliyopakwa fedha. Sumaku inasaidia nusu tu: ikiivuta pete kwa nguvu, si fedha, isipoivuta, bado inaweza kuwa shaba, maana shaba nayo haivutwi. Kwa mkufu usipime kwenye kifungo, kwa sababu springi yake mara nyingi ni chuma. Jibu la uhakika atakupa sonara mwenye vifaa vya kupimia.

*Fundi, nilitumbukiza pete yenye lulu kwenye dawa ya kuchovya. Fedha imekuwa nyeupe, lulu imepoteza mng'ao. Itarudi?*

Hapana dada, samahani. Lulu imejengwa kwa kalsiamu kaboneti, na dawa nyingi za kuchovya zina asidi, ambayo huila. Mng'ao wa lulu ni tabaka zake za juu, na zikishaliwa hazikui tena. Usimruhusu mtu akuambie ataing'arisha, ataichuna zaidi. Feruzi, marijani na kaharabu nazo ziepushe na dawa hizo.

Pete yenyewe imebaki salama. Lulu nyingi hushikiliwa na gundi juu ya kijiti kidogo cha fedha, kwa hiyo sonara anaweza kuitoa na kukuwekea nyingine ya ukubwa uleule. Mpelekee ile ya zamani apime kwayo tundu na kipenyo. Mpya ukishaipata, ivae baada ya manukato na krimu kukauka, uifute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo unapoivua, na usiingie nayo kwenye bwawa la kuogelea: klorini hufubaza fedha, na hata kuitoboa vishimo ambavyo kitambaa hakiviondoi.