Pampu inatosha, tangi la nini?

SWALI: Nipo kwenye kamati ya maji ya mji mdogo. Mji hutumia mita za ujazo 2,400 kwa siku, na pampu yetu hutoa 100 kwa saa, mchana na usiku. Hesabu inakubali. Kwa nini basi mhandisi anang'ang'ania tangi kilimani? Na kama ni lazima, si afadhali tujenge kubwa kabisa?

JIBU: Ndugu msomaji, hesabu inakubali kwa siku, haikubali kwa saa. Kukipambazuka kila nyumba hufungua bomba, na matumizi yanaweza kufika mara mbili ya wastani: mji unadai 200, pampu inatoa 100. Walioko sehemu za juu ndio wa kwanza kukosa.

Sasa tazama usiku. Tuseme kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na moja alfajiri mji unatumia 30 tu kwa saa. Pampu inabakiza 70 kila saa, na kwa saa saba hizo ni mita za ujazo 490. Hayo ndiyo maji ya asubuhi, na tangi ndilo la kuyatunza. Ni kama asilimia 20 ya matumizi ya siku. Juu yake ongezeni akiba ya kuzimia moto, na ya saa ambazo umeme umekatika au bomba kuu limepasuka.

Kilima nacho kina sababu. Msukumo wa maji hutokana na kimo chake, si wingi wake: kila mita 10 huleta karibu kilopaskali 100 (kilopaskali ni kipimo cha msukumo). Tangi lililo mita 30 juu ya nyumba litaipa karibu 300 maji yakiwa yametulia, hata likiwa dogo. Yakianza kwenda, msuguano wa mabomba hupunguza kidogo. Naomba sana msilihamishie bondeni eti kwa kuwa kiwanja kinapatikana kwa urahisi.

Kuhusu ukubwa, hapo sikubaliani nawe. Maji yakilala siku nyingi klorini, dawa ya kuulia vijidudu, huisha, na Shirika la Afya Duniani linataka angalau miligramu 0.2 kwa lita yanapomfikia mtumiaji. Niliwahi kupima tangi ambalo bomba la kuingizia na la kutolea yalikuwa upande mmoja. Maji mapya yaliingia na kutoka papo hapo. Ya upande wa pili yalikaa tu, klorini haikuonekana kabisa. Tangi lilikuwa limejaa, na wote waliamini mambo ni mazuri.

Ningekuwa kwenye kamati yenu ningetaka tangi la vyumba viwili, kimoja kioshwe huku kingine kikihudumia, lenye mifuniko ya kufungwa kwa kufuli na wavu kwenye matundu ya hewa. Kisha mwombeni mhandisi awaonyeshe kwenye mchoro maji yanaingilia wapi na yanatokea wapi. Mkikuta ni ukuta mmoja, msisaini.